Unga wa Chura

14 Novemba
Katika bonde hili lote, kuanzia darajani mpaka kule barabara inakoishia mlimani, hakuna mtu anayetengeneza natto kunishinda mimi Yasaburo. Maharage yangu ya soya, nikishayachemsha na kuyafunga kwenye majani makavu ya mpunga ili yachachuke, yananata mpaka ukiinua vijiti uzi unakufuata hadi mlangoni. Watu wamewahi kulia kwa utamu.

Sawa, ni uongo. Aliyetengeneza ni marehemu mke wangu, Tsune. Kazi yangu ilikuwa kukata majani na kupokea sifa.

Nimeanza na natto kwa sababu ndiyo iliyopigwa marufuku nyumbani kwangu. Mjukuu wangu Fuki, wa miaka mitano, ana vali ya chuma moyoni. Walimwekea akiwa mchanga. Sasa yeye amekua, vali haijakua. Inabidi wampasue tena, watoe ndogo, waweke kubwa. Itakuwa mara ya tatu kifua kile kufunguliwa. Mpaka siku hiyo anakunywa dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, isije ikaganda kwenye chuma. Natto inaivunja nguvu hiyo dawa, hata kijiko kimoja.

Upasuaji ni tarehe nne Desemba. Sanae, mke wa mwanangu, amenipa daftari hili niandike joto la mwili wangu kila siku, maana mtu wa nyumbani akiugua mtoto ataambukizwa, na mtoto mwenye mafua hapasuliwi. Joto langu ni la kawaida. Nafasi iliyobaki kwenye ukurasa ni kubwa, nikaona nisiiache ikae bure. Mwandiko wangu hakuna anayeweza kuusoma, hata mimi mwenyewe inategemea mwanga.

16 Novemba
Theluji ya kwanza. Sina homa.

18 Novemba
Sina homa. Nimekatazwa kwenda kwenye bafu la maji moto la kijiji, nilikooga na Genpachi kila Jumatano tangu tukiwa na nywele. Genpachi amepiga simu.

"Yasaburo, umekufa?"

"Nimefungwa."

"Umeiba nini?"

"Sanae anasema huko bafuni mnakohoa kama zizi la mbuzi."

"Mwambie mimi sikohoi. Nasafisha koo."

Kumbe Sanae yuko nyuma yangu. Akachukua simu. "Mzee Genpachi, shikamoo. Ukisafisha koo lako karibu na baba mkwe wangu kabla ya tarehe nne, nitakuja kulisafisha mwenyewe kwa brashi ya choo." Akakata.

Huyu binti alipoolewa hapa alikuwa akiomba ruhusa hata ya kufungua dirisha.

22 Novemba
Fuki anatembea na mrija wa hewa puani. Unatoka kwenye mashine iliyoko sebuleni na unafika kila chumba isipokuwa changu. Ukiukanyaga anasimama, anageuka, anakutazama kama askari wa barabarani. Ana mrija mwingine tumboni, wenye kifuniko kama kifungo cha koti, ndiko maziwa yanakopita. Kula kwa mdomo hajui. Umri ambao wenzake walijifunza kutafuna, yeye alikuwa kitandani hospitali.

Moto hauruhusiwi karibu na ile mashine. Kwa hiyo mbele ya picha ya Tsune hakuna ubani, kuna mshumaa wa betri unaometameta kama tangazo la duka. Namwomba radhi kila asubuhi. Hakupenda kabisa vitu vya betri.

Leo nimemjaribu Fuki kwa boga lililopondwa. Kijiko kilifika mdomoni, boga likaingia, likakaa, likatoka. Tangu majira ya joto boga linasafiri hivyo, kwenda na kurudi. Nikampakata. Nyumba ikitulia unaisikia vali yake: tik, tik, kama saa ya mkononi iliyofichwa ndani ya blanketi.

25 Novemba
Muuguzi amempa mwanasesere wa kitambaa ili ajizoeze mambo ya upasuaji. Mwanasesere amepasuliwa mpaka pamba zimetoka. Sasa ni zamu yangu.

"Babu, lala."

"Nimelala."

"Usiongee! Umeshapewa dawa ya usingizi."

"Mbona sijasikia harufu yake?"

"Kwa sababu umelala." Akanikandamiza kifua kwa mwiko wa wali. Halafu akaacha. "Babu, ukilala kwa dawa unaamka?"

"Mimi? Mama yako akikaanga samaki naamka kabla hajawasha jiko."

"Na mimi?"

Niliketi. Nikamwambia, "Wewe umeshaamka mara mbili. Umezoea."

"Sawa," akasema, akanibandika plasta puani.

2 Desemba
Asubuhi Fuki amepiga chafya. Wote tukasimama kama tulioitwa majina na polisi. Mchana kamasi likaanza kutoka. Jioni Sanae akapiga simu hospitali, anaongea huku anainama mbele ya simu kana kwamba daktari anamwona. Akaiweka chini.

Upasuaji umeahirishwa mpaka tarehe ishirini Januari.

Mwanangu Mitsuhiro anaendesha mtambo wa kusukuma theluji wa halmashauri. Alirudi na theluji mabegani, akasema, "Itakuwa mimi. Kule kazini wanakohoa."

"Sijauliza ni nani," Sanae akasema.

Alikuwa ameuliza, kwa macho. Na hakumuuliza Mitsuhiro.

9 Desemba
Mama yake Sanae amekuja kutoka mjini kusaidia. Anaitwa Hisae, mwalimu mstaafu, mgongo umenyooka kama rula. Aliingia, akainama, akatazama soksi zangu.

"Mzee Yasaburo. Hujabadilika."

"Na wewe, Mwalimu. Umeleta fimbo?"

"Nimeleta sabuni."

Hospitali inawaruhusu wazazi na mtu mmoja zaidi aliyeandikishwa. Aliyeandikishwa ni yeye. Mimi walinikataa kwa ajili ya kikohozi changu cha miaka mingi. Sina kinyongo. Ninacho kidogo.

13 Desemba
Fuki amekula! Kwa mdomo! Ametafuna na kumeza!

Hisae alimpikia vikeki vidogo vya sukari nyeusi, laini kama sifongo, saizi ya sarafu. Fuki alikula kimoja, akatuangalia jinsi tulivyotoa macho, akala cha pili kwa makusudi ili atuone tena. Sanae alikwenda kulia chooni akidhani hatusikii. Mitsuhiro alikimbilia kamera, akapiga picha ya sahani tupu.

"Anahitaji nguvu kabla ya kupasuliwa," Hisae akasema, anafuta meza kama mtu asiyefanya lolote.

Na boga langu je? Nimelila mwenyewe. Lilikuwa na chumvi nyingi.

16 Desemba
Theluji. Vikeki vinne.

19 Desemba
Theluji. Vikeki vitano. Damu yake ilipimwa zahanati: imeanza kuwa nzito. Daktari ameongeza dawa kidogo.

Wakati wa chakula kila mtu alitazama bakuli lake, halafu mmoja mmoja wakanitazama mimi.

"Baba," Sanae akasema taratibu, "hujampa natto?"

"Sijampa."

"Hata kwa kuonja? Hata akikuomba?"

"Sanae, mimi ni mzee mpuuzi, lakini si mpuuzi wa namna hiyo."

Hisae alisema, "Natto ndiyo sumu yake. Mimi hata sijapita karibu nayo." Na ni kweli. Niandike haki yake: alikuwa akiosha mikono mpaka imepasuka.

24 Desemba
Leo ni siku mbaya. Damu imepimwa tena, imezidi kuwa nzito, pamoja na ile dawa ya nyongeza. Daktari kasema kwa simu: kuna kitu anakula. Tafuteni.

Mwisho wa mwaka ndio wakati kila nyumba bondeni hufunga natto yake. Genpachi, rafiki mwenye akili ya jiwe, ameniachia fungu zima kwenye theluji nyuma ya ghala, kama kila mwaka. Nami, niseme ukweli, nilikula nusu, mle mle ghalani, nimesimama kwenye baridi. Halafu nikanawa na kusukutua, nikabadilisha hata shati.

Sanae alilikuta lile fungu lililobaki. Aliingia nalo sebuleni amelishika kwa ncha za vidole, kama panya.

"Hii nini?"

"Ya Genpachi."

"Genpachi ndiye aliyeifungua? Genpachi ndiye aliyekula nusu?"

"Nimekula mimi. Nje. Nimenawa."

"Nilikuuliza juzijuzi."

"Uliuliza kama nimempa mtoto. Sijampa mtoto."

"Baba, kila kitu kwako ni mchezo!" Sauti yake ilipasuka. "Damu ikiganda kwenye ile vali hatufiki Januari. Unaelewa? Hakuna upasuaji wa kuahirisha tena. Hakuna mtoto."

Mitsuhiro alisema, "Sanae, taratibu." Sanae hakuwa na taratibu iliyobaki. Wameniamuru kulala kwenye chumba cha nje, karibu na ghala. Niko hapa sasa. Jiko la mafuta linanuka na dirisha moja linaangalia la sebuleni.

Baadaye Fuki alikuja upande wake wa kioo akanitolea ulimi. Nikautoa wangu. Wake ulikuwa na rangi ya zambarau. Niliona, nikajiambia ni peremende. Peremende gani? Hali peremende huyu.

25 Desemba


Asubuhi Sanae alimpakata kumpa maziwa. Nilikuwa mlangoni naomba majani ya chai. Akainama akaweka sikio kifuani kwa mtoto. Akaliondoa, akaliweka tena. "Haisikiki vizuri," akasema. "Inasikika kama imefunikwa." Midomo ya Fuki ilikuwa na rangi ya zambarau, kama ulimi wake wa jana. Sanae akapiga simu hospitali: mleteni sasa hivi. Gari la wagonjwa lingechelewa kwa theluji, kwa hiyo Mitsuhiro akaita kazini. Angetangulia na mtambo, afungue njia mpaka barabara kuu, na Sanae amfuate nyuma na gari.

Wakati wanafunga mizigo nilikaa na Fuki, nimekatazwa au sijakatazwa. Alikuwa amechoka, lakini anatoa amri.

"Babu, waambie wasisahau unga wa chura."

"Unga gani?"

"Wa vikeki. Unga wa chura unaingia kwanza, wa kijani. Halafu sukari nyeusi, chura anajificha." Akafunga mdomo kwa kiganja. "Ni siri yangu na Bibi. Mama anachukia unga wa Bibi."

Nilikwenda jikoni. Hisae alikuwa anajaza chupa ya maji. Nikafungua kabati ya juu, nyuma ya mchele, nikakuta pakiti: unga wa majani mabichi yaliyokaushwa, wa kuchanganya na maji unywe upate afya. Unauzwa kwenye televisheni kila asubuhi. Nikamwonyesha.

"Umempa huu?"

"Ni mboga tu," akasema. "Kijiko kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa hauna rangi, nikataka..." Nikaona mwalimu anaifikia hesabu mwenyewe. "Na huu pia?"

"Na huu pia, Mwalimu. Majani ya kijani yaliyosagwa pamoja, pakiti nzima. Mimi nakumbuka, tuliambiwa yote mawili yanavunja nguvu ya dawa, natto na huu unga wa majani. Ila humu ndani tumepiga kelele ya natto miaka mitano mpaka hilo la pili hakuna aliyelisema tena."

Aliishika sinki. Ule mgongo wa rula ulikunjika mbele yangu. Nilikuwa nimesubiri tangu harusi kuuona unakunjika, na sikufurahi hata kidogo.

"Sanae alinikataza nisilete unga wangu humu, anasema ni utapeli," akasema. "Ndiyo maana nikaficha. Nimemuua mtoto."

"Hujamuua. Ila daktari lazima ajue sasa hivi ni nini."

"Nitasema." Hakusogea. "Hatanitaka tena karibu yake. Atakaa huko peke yake wiki nzima bila kulala."

Hapo nikaona picha yote. Mitsuhiro hawezi kuacha mtambo, bonde zima litafungwa na theluji. Sanae hawezi kulinda kitanda mchana na usiku. Aliyeandikishwa ni Hisae, na binti akijua ukweli hawezi kumkubali mama kwa hasira ya leo. Mimi je? Mimi nimeshafukuzwa. Mtu aliyeshalowa hajali mvua.

Nikachukua pakiti nikaenda ukumbini.

"Sanae. Mwambie daktari ni huu. Nilimtilia mimi kwenye vikeki, Mwalimu akigeuka. Nilitaka apate nguvu."

Aliisoma pakiti.

"Nilikuuliza ukinitazama machoni."

"Uliuliza natto. Hukuuliza unga."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mdomo wangu una mazoea yake. Sanae hakupiga kelele. Alisema kwa upole, na ingekuwa afadhali kelele: "Usiniambie neno lolote mpaka mtoto wangu arudi nyumbani." Akapiga simu hospitali, akawasomea kilichoandikwa kwenye pakiti, neno kwa neno.

Hisae alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya maji, mdomo wazi. Nikamkazia macho. Akaufunga.

Wakaondoka nyuma ya mtambo wa Mitsuhiro, taa ya njano inazunguka kwenye theluji.

27 Desemba
Hisae amepiga simu. Wamemwekea dripu ya kuzuia damu isigande. Kweli kulikuwa na kitu kidogo kimeng'ang'ania kwenye vali, lakini inafunga na kufungua. Walifurahi kuambiwa mapema ni unga gani. Fuki atakaa huko huko mpaka siku ya upasuaji. Tarehe haijabadilika.

"Mzee Yasaburo," akaanza.

"Mwalimu, simu inakula pesa. Nenda ukalale, umwachie Sanae alale baada yako."

1 Januari
Mwaka mpya. Mimi na Mitsuhiro, na supu yenye mikate ya mchele, aliyoipika yeye kama anapika gundi.

"Baba, ule unga uliununua wapi?"

"Kwenye televisheni."

"Ulipigaje ile simu yao?"

"Nilibonyeza namba."

"Wewe huwezi kunipigia hata mimi bila Genpachi kukusaidia. Na mboga huli." Akatafuna muda mrefu. "Sanae amepata usingizi jana, saa nyingi. Mama yake alikuwepo."

"Vizuri."

"Vizuri," akasema. Akanimiminia sake, pombe yetu ya mchele, akajaza mpaka ikamwagika. Miaka yote nilidhani mwanangu ni mzito wa kuelewa. Kumbe hapendi tu kusema.

8 Januari
Theluji. Sina homa. Hakuna anayeuliza, lakini naandika.

12 Januari
Hisae anapiga kila jioni sasa. Fuki amefanyiwa mazoezi ya kinyago cha kuvutia dawa ya usingizi. Kuna chenye harufu ya stroberi na chenye harufu ya chungwa. Amechagua chungwa, na stroberi amemchagulia daktari. Daktari wa meno amemkagua asije akawa na jino bovu la kupeleka vijidudu moyoni. Fuki alimng'ata.

"Alimng'ata vizuri?" nikauliza.

"Vizuri sana," Hisae akasema, na nikamsikia mwanamke yule akicheka. Kicheko chake ni cha kitoto kabisa. Sikuwa nimekisikia.

16 Januari
Theluji, Genpachi, chai. Genpachi kavaa barakoa mbili na kukaa karibu na mlango. Sikumwomba.

20 Januari
Leo.

Wamemwingiza asubuhi. Hisae kasema kule kufungua tu kunachukua muda mrefu, kwa sababu makovu ya zamani yameshikana na moyo na wanayabandua kidogo kidogo, kama mtu anayebandua karatasi kwenye ukuta uliolowa. Angenificha hilo la ukuta.

Nilipanda paani kushusha theluji. Mitsuhiro alikuwa amenikataza, lakini Mitsuhiro yuko ukumbi wa kusubiria, amepewa ruhusa ya siku moja. Nilishusha upande wa kaskazini. Simu kifuani haikulia. Nikashusha upande wa kusini. Haikulia. Genpachi alipita chini, akanitazama, akachukua koleo bila kuongea, akaanza kusafisha njia ambayo nilikuwa nimeshaisafisha. Tukamaliza paa langu, tukahamia lake.

Jioni ikalia. Ilikuwa namba ya Sanae. Sanae, aliyesema nisimwambie neno.

"Baba. Wamemaliza. Vali imeingia. Moyo ulianza kupiga wenyewe. Nimeona nikwambie mwenyewe." Akakata.

Nilikaa kwenye theluji palepale. Genpachi akaniuliza, "Vipi?" Nikashindwa kumjibu, akadhani ni mabaya, akaanza kulia, ikabidi nimrushie theluji usoni huku nacheka ili aelewe.

22 Januari
Wametoa mrija kooni. Anapumua. Sauti kama ya chura halisi, kasema Hisae, halafu akashtuka kwa alichokisema, halafu tukacheka wote wawili mpaka aibu.

26 Januari
Ametoka chumba cha wagonjwa mahututi. Nimemwambia Tsune, na leo nikauzima ule mshumaa wa betri, nikawasha wa kweli. Mashine ya hewa haipo nyumbani kwa sasa. Nilifungua na dirisha.

29 Januari
Fuki ameketi. Amekula kijiko cha uji, akamwambia muuguzi anashika vibaya kipima joto. Daktari anasema mwezi ujao atarudi nyumbani.

Kisha Hisae kasema, "Leo jioni namwambia Sanae ukweli. Siwezi tena. Kila akikutaja, nakosa pa kuweka uso wangu. Nina deni lako, tena kubwa."

Kubwa silitaki, nikamwambia, nitaliweka wapi. Nataka kadogo. Mwalimu, usimwambie leo. Ngoja mpaka Jumamosi. Barabara itakuwa wazi, nakuja na treni ya asubuhi. Najua ghorofani hawaniruhusu, lakini kwenye ile nyumba ya kulala wazazi, kando ya hospitali, kuna chumba cha chai. Niache nifike. Nivue viatu, nikae, nishike kikombe, nimtazame Sanae kwa unyonge kama mzee aliyesamehewa kwa shida. Nikishakaa vizuri, hapo ndipo useme. Nataka niuone uso wake, Mwalimu, kuanzia neno la kwanza. Siku mbili tu nakuomba, na uniwekee kiti kinachomwelekea.